Pima mbwa wako kabla ya kumpandisha, ila usimtupe mbebaji: kilichowapata Basenji wa Kongo

#1 Mfugaji wa Goba (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila wiki naona matangazo ya aina moja: "Dume la German Shepherd, damu ya Ujerumani, anapandisha." Picha ya mbwa kasimama vizuri, karatasi za ukoo pembeni, kisha bei. Sijaona tangazo linalosema nyonga za dume huyo zilipigwa picha zikapata daraja gani, wala vinasaba vyake vilipimwa vikaonyesha nini. Karatasi ya ukoo inakutajia baba na babu. Babu alikufa na ugonjwa gani, haisemi.

Naanzisha uzi huu kwa sababu wafugaji wetu wameanza kusikia habari za vipimo vya vinasaba, na naona tunaelekea kuvipokea vibaya. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya wenye hela za kuchezea. Wapo waliopima, wakakuta neno "mbebaji" (ana nakala moja ya jeni mbovu lakini haumwi) kwenye majibu, na jike mzuri akafungwa kizazi wiki hiyo hiyo. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana ipo aina ya mbwa iliyowahi kuponzwa nalo, na asili yake ni hapa hapa Afrika: Basenji.

Wengi mnamjua kwa picha. Mdogo, masikio wima, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine, anatoa sauti kama anaimba, na jike lake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Ni mbwa wa misitu ya Kongo. Waingereza walimpeleka kwao tangu mwaka 1895 lakini wale wa kwanza walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Ilipofika 1937 wengine walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kule London, na safari hii wakazaliana.

Sasa shikeni hapo. Kwa miaka mingi Basenji karibu wote wa Ulaya na Marekani walitokana na kikundi kidogo sana cha mbwa walioletwa enzi zile. Nyongeza zilikuwa za nadra: mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams, mfugaji wa Kiingereza, alimleta jike mmoja kutoka kusini mwa Sudan, Fula, na damu ya jike huyo mmoja ikaenea kwenye koo nyingi sana za Basenji. Na chama cha ukoo kikishafunga daftari lake la kuandikisha mbwa, mbwa ambaye wazazi wake hawajaandikishwa haingii tena. Kuanzia siku hiyo ni ndugu kwa ndugu, wa karibu au wa mbali.

Basenji wakaanza kufa kwa upungufu wa damu. Chembe nyekundu zilikuwa zinavunjika kabla ya wakati kwa kukosa kimeng'enya kimoja, piruveti kinasi. Ni ugonjwa wa kurithi ambao mbwa haumpati mpaka apokee jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia. Aliyepokea nakala moja tu haumwi. Ndiye tunayemwita mbebaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikapatikana kipimo cha damu cha kuwatambua wabebaji, na wafugaji wakakitumia kama panga. Mbebaji akijulikana, hazai tena. Ugonjwa ulipungua kweli. Lakini kila mbwa aliyeondolewa aliondoka pia na maelfu ya jeni zake nzima, na kundi ambalo tayari lilikuwa dogo likazidi kupungua.

Kisha ugonjwa mwingine, Fanconi, ukaenea. Wapo wafugaji wengi wa Basenji wanaoamini kuwa ile fagiafagia ya kwanza ilichangia, na mimi nakubaliana nao: ukibakiza mbwa wachache wawe wazazi wa wote, chochote kilichojificha ndani yao kinakuwa cha wote.

Fanconi ni ugonjwa wa figo. Figo zinashindwa kurudisha mwilini sukari, protini ndogo ndogo na chumvi, vyote vinamwagika na mkojo. Mbwa anakunywa maji bila kukoma, anakojoa mno, anakonda huku anakula. Ukimpima mkojo unakuta sukari, ukimpima damu sukari iko sawa. Ubaya wake ni kwamba dalili hujitokeza kwa kawaida akiwa na miaka 4 hadi 7. Kufikia hapo dume amepandisha majike mangapi? Jike amezaa mara ngapi? Kwa miaka mingi wenye Basenji hawakuwa na njia nyingine zaidi ya kuchovya kijiti cha kupimia sukari kwenye mkojo wa mbwa wao kila mwezi na kusubiri.

Mambo mawili ndiyo yaliyobadilisha hali.

La kwanza, walirudi Kongo. Mwaka 1987 na 1988, enzi za Zaire, wapenzi wachache wa Basenji kutoka Marekani waliingia vijijini kaskazini mwa nchi na kurudi na mbwa wa huko. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama cha kuandikisha mbwa cha Marekani, ikafungua daftari ili mbwa hao waandikishwe, na rangi ya michirizi ikakubaliwa rasmi kupitia wao. Daftari likafunguliwa tena kati ya 2009 na 2013.

La pili, mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha vinasaba cha Fanconi. Hicho kilitegemea alama zilizo jirani na jeni yenyewe, kwa hiyo majibu yalikuwa "huenda ni mbebaji", "huenda ataugua". Mwaka 2011 kikaja kipimo kinachoangalia hitilafu yenyewe. Mara hii wafugaji hawakukimbilia panga. Wabebaji walipandishwa kwa walio safi, yaani wasio na nakala mbovu hata moja.

Hesabu yake ni rahisi na naomba kila mfugaji aishike. Mbebaji kwa aliye safi: hakuna mtoto atakayeugua, na kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji. Mbebaji kwa mbebaji: kwa wastani robo wataugua, nusu watabeba, robo watakuwa safi. Ukimpandisha mbebaji wako kwa mwenza safi, ukapima watoto, ukabakiza aliye safi mwenye sifa za mama yake, ndani ya kizazi kimoja umeiacha jeni mbovu nyuma na hujapoteza damu ya mama yake. Jike yule aliyefungwa kizazi alikuwa na uwezo wa kukupa hilo.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 Kijana wa Mbezi

Mkuu, uzi umeshiba. Ila tuongee ukweli, hapa Bongo nani ana Basenji? Wengi wetu tuna German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Na gharama je? Dume wangu ana afya, anaruka ukuta, anakula vizuri. Nipime nini kwa mbwa mzima?

#3 Mfugaji wa Goba (mleta mada)

Mkuu, mbebaji naye anaruka ukuta. Hana dalili yoyote mpaka anakufa kwa uzee. Ndiyo maana macho hayatoshi.

German Shepherd ana ugonjwa wa uti wa mgongo unaoitwa degenerative myelopathy, wengi hufupisha DM. Hitilafu yake kwenye jeni ya SOD1 ilitambuliwa mwaka 2009, na jeni hiyo hiyo inahusika na baadhi ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaopoozesha misuli, kwa binadamu. Huanza mbwa akiwa mtu mzima, mara nyingi baada ya miaka 8. Nilimwona mmoja kwa jirani. Anatembea barazani, miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi, vidole vinaburuzwa kwenye saruji. Ile sauti ya kucha kukwaruza unaisikia kabla hujamwona. Kucha mbili za katikati zilikuwa zimelika hadi damu, na mwenyewe wala hasikii maumivu, anataka kucheza. Dawa hakuna. Si kila mwenye nakala mbili mbovu lazima apooze, lakini hatari yake ni kubwa, na hakuna sababu ya kupandisha wabebaji wawili wakati kipimo kipo.

Kuhusu gharama: unapima jeni mara moja tu kwa maisha yote ya mbwa, na unapima wale unaotaka wazae, siyo banda zima. Linganisha na bei ya mtoto mmoja unayeuza.

#4 Daktari wa Mifugo, Arusha

Nimefurahi kuona mada hii. Naomba niongeze mambo matatu ninayokutana nayo kliniki.

Nyonga kwanza. Kuna watu wanadhani wakituma vinasaba maabara wamemaliza. Hapana. Ulemavu wa nyonga unasababishwa na jeni nyingi kwa pamoja, ukichanganya na lishe, unene na mazoezi ya utotoni, hivyo hakuna kipimo kimoja cha vinasaba cha kukupa jibu. Ni picha ya eksirei, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, amelala chali, miguu imenyooshwa sawasawa. Picha ya mbwa aliyeshikiliwa kwa nguvu akiwa macho haina maana, mkao ukipinda kidogo tu nyonga nzuri inaonekana mbaya na mbaya inaonekana nzuri. Nchi zinazofuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutoa daraja A hadi E, A ikiwa bora. Wamarekani wana OFA, taasisi ya kupima afya ya mbwa iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo haitoi cheti cha mwisho cha nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24. Sasa dume wa miezi 10 "anapandisha"? Nyonga zake hata hazijamaliza kukua.

La pili ni ivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, na hapa nawaomba msome taratibu. Watu wanachukua ivamektini ya ng'ombe, ile ya asilimia 1, wanamdunga mbwa mwenye ukurutu au kupe. Dozi ya ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Wapo mbwa wenye hitilafu kwenye jeni ya MDR1, jeni inayozuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Mwenye nakala mbili mbovu akipigwa dozi hiyo hiyo ya ng'ombe anaweza kuanza kudondosha mate, mboni zinapanuka, anayumba, anaanguka, na anaweza kuzimia moja kwa moja. Hakuna dawa mahususi ya kuipinga, tunabaki kumwekea maji na kumsaidia apumue hadi imtoke. Collie ndio wanaongoza kwa hitilafu hii, Australian Shepherd wanafuata, na hupatikana pia kwa baadhi ya German Shepherd, hasa weupe. Iligunduliwa mwaka 2001 na kipimo chake ni cha kawaida kabisa. Kama mbwa wako ana damu ya aina hizo, hiki ndicho kipimo cha kwanza ningekushauri, hata kama hutaki azae kamwe, maana ni suala la dawa atakazopewa maisha yake yote.

La tatu kwa ufupi. Maabara nyingi siku hizi zinauza kifurushi cha magonjwa zaidi ya 200. Usitishike na wala usifurahi mapema. Hitilafu iliyothibitishwa kuleta ugonjwa kwa aina moja ya mbwa inaweza isiwe na uzito huo kwa aina nyingine. Angalia yale yanayohusu aina yako.

#5 Dada wa Nakuru

Asanteni sana. Mimi niko Kenya. Nilinunua German Shepherd kwa mfugaji mmoja, simtaji, na karatasi zilikuwa safi kabisa. Kabla hajamaliza mwaka alikuwa akiinuka anaruka kwa miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura. Eksirei ikaonyesha nyonga zote mbili zimelegea. Nikampigia mfugaji, akaniambia nimemlisha vibaya. Hivi muuzaji nimuulize nini safari hii? Natafuta Ridgeback.

#6 Mfugaji wa Goba (mleta mada)

Pole sana dada. Huko kuruka kama sungura ni dalili inayojulikana. Lishe inachangia, sawa, lakini mfugaji aliyepiga picha nyonga za wazazi angekuonyesha picha badala ya kukulaumu.

Muulize hivi: nyonga na viwiko vya baba na mama vilipewa daraja gani, na nani aliyesoma picha? Majibu ya vinasaba yana namba ya chipu ya mbwa, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi? Kama hayana, hujui ni ya mbwa yupi. Babu na bibi wako hai, na kama wamekufa, walikufa na nini? Mfugaji mzuri huyajibu haya kwa furaha na kisha anaanza kukuuliza wewe: una uzio, nani anashinda nyumbani. Ukiona anakuharakisha utume hela ya kushika nafasi, ondoka.

Ridgeback ana jambo lake la pekee. Kiwango cha aina hii kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na ule msitari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni ndio alama yake. Msitari huo unatokana na jeni inayotawala, kwa hiyo nakala moja inatosha kuuleta. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hitilafu inayoleta msitari ndiyo inayomweka mbwa kwenye hatari ya dermoid sinus, kijitundu kama bomba jembamba kinachotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, ambacho kinaweza kuoza na kuleta maambukizi mabaya. Wenye nakala mbili ndio walio hatarini zaidi. Sasa ona ukatili uliofanyika: kwa miaka mingi wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila msitari kwa kuwaona wana kasoro, kumbe wale ndio waliokosa hitilafu hiyo. Mtoto asiye na msitari ni mbwa mzuri kabisa wa nyumbani.

Unapokwenda kuchagua, mwombe daktari ainue ngozi ya shingo na mgongo wa mtoto kwa vidole, aipapase kidogo kidogo. Bomba hilo husikika kama uzi mgumu chini ya ngozi.

#7 Mzee wa Bunia

Ndugu zangu, mimi niko Ituri, huku Kongo, na mbwa mnaowasema tunaishi nao. Kwa Wambuti, wawindaji wa msitu huu, wakienda kuwinda na nyavu, mbwa anafungwa kengele ya mti shingoni kwa sababu habweki. Ukiwa porini unasikia tok tok tok, unajua nyama inakimbilia wapi. Hakuna aliyemwandikia karatasi. Aliye dhaifu anakufa mdogo, aliye hodari anazaa. Hawa wetu ni wazima. Kwa nini basi watu wang'ang'anie daftari lililofungwa halafu wahangaike kutafuta dawa ya tatizo walilolifanya wenyewe?

#8 Mfugaji wa Goba (mleta mada)

Mzee, shikamoo. Umesema jambo la msingi, na waliorudi Kongo mwaka 1987 walikuja kuwafuata hao hao mbwa wenu kwa sababu hiyo. Daftari lililofungwa moja kwa moja ni hatari, na Basenji sio mfano pekee.

Tazama Dalmatian, yule mbwa mweupe mwenye madoa. Ilifika mahali Dalmatian wote wa ukoo safi duniani walikuwa na nakala mbili za hitilafu inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo, na wengine, hasa madume, walikuwa wanazibwa na mawe ya mkojo. Kwa hao kipimo hakisaidii kitu, huna aliye safi wa kumchagua. Mwaka 1973 mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian kwa Pointer, mbwa wa aina nyingine, mara moja, kisha watoto wakarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Walionekana Dalmatian kwa kila kitu ila mkojo wao ulikuwa wa kawaida. Chama cha Dalmatian na daftari la Marekani vilibishana juu ya mbwa hao kwa miongo mitatu na zaidi, hadi 2011 walipokubaliwa. Miaka yote hiyo mbwa wanaumia, na dawa iko mlangoni imezuiwa kwa sababu ya babu mmoja asiye na karatasi.

Ila mzee, sisi wafugaji wa mjini hatuwezi kuacha asili ichague. Mbwa wetu anapata chanjo, chakula na daktari, mdhaifu anaishi na anazaa. Kwa hiyo kazi ya kuchagua imebaki mikononi mwetu, na bora tuifanye tukiwa tunajua tunachokichagua.

#9 Kijana wa Mbezi

Swali jingine mkuu. Kuna jamaa anasema nimpandishe dume wangu kwa dada yake wa tumbo moja ili "kukaza damu", watoto watoke wanafanana. Ni sawa?

#10 Daktari wa Mifugo, Arusha

Hapana. Watoto wa ndugu wa baba na mama mmoja wana kiwango cha muingiliano wa damu cha asilimia 25, hata kama babu na bibi hawakuwa na undugu wowote. Maana yake, kwa wastani robo ya jeni zao zitakuwa nakala mbili zinazofanana zilizotoka kwa mzee mmoja. Baba kwa binti ni asilimia 25 vilevile. Kama ukoo una jeni mbovu iliyojificha, hapo ndipo unapoikutanisha na mwenzake. The Kennel Club ya Uingereza iliacha kuandikisha watoto wa miungano ya namna hiyo tangu 2009. Kufanana watafanana kweli, na pia mara nyingi unapata watoto wachache, dhaifu zaidi, na vifo vingi vya wiki za mwanzo.

#11 Dada wa Nakuru

Nimeelewa. Na huko kupima kwenyewe kunafanyikaje? Lazima nimsafirishe mbwa?

#12 Mfugaji wa Goba (mleta mada)

Mbwa habanduki nyumbani. Unaagiza vijiti maalum vya pamba kutoka maabara, Laboklin ya Ujerumani kwa mfano, au ile ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis. Mbwa asile chochote kwa saa moja au zaidi, na kama ni watoto wanaonyonya, watenge na mama yao muda huo, maana maziwa na mate ya mama yanaweza kuchanganya majibu. Osha mikono. Ingiza kijiti kati ya shavu na fizi, sugua shavu la ndani ukizungusha kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo yao. Unachotaka ni chembe za shavu, siyo mate, kwa hiyo usiogope kukandamiza kidogo. Kisha acha kikauke hewani bila kugusa kitu. Ukikifunga kikiwa kibichi kwenye plastiki kitaota ukungu njiani.

Kila mbwa na kijiti chake, na bahasha yake ya karatasi. Andika jina na namba ya chipu kabla hujamgusa mbwa wa pili. Hakihitaji barafu, unakituma kwa posta au msafirishaji yeyote.

Na dada, kabla hujalipia kifurushi, niandikie humu jina la aina ya mbwa na majibu ya wazazi wake kama muuzaji anayo. Baba na mama wote wakiwa safi kwa ugonjwa fulani, na ukiwa na uhakika kuwa hao ndio wazazi, mtoto hana haja ya kupimwa huo. Hela hiyo iweke kwa ajili ya eksirei.